Ndugu yako akitolewa uvimbe tumboni ulizia BLOKU kwanza: uzi wa vivimbe visivyo vya kawaida vya njia ya chakula

Mkonge_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, na wana Tanga wenzangu popote mlipo. Huu uzi nimekuwa nikiuahirisha ila naona bora niuandike tu, maana kila nikikaa barazani hapa Chumbageni lazima apite mtu na bahasha ya hospitali, "mzee hebu nisomee hii wamesema nini". Niseme mapema watu wasije kunipandisha cheo, mimi si daktari. Nilikuwa fundi wa maabara ya patholojia, kule kipande cha nyama kinakoletwa kwenye kopo tunakikata tunakitia rangi halafu daktari bingwa ndo anakaa na hadubini anasoma. Nimestaafu, muda ninao.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mtu akiambiwa ana uvimbe tumboni, ukoo mzima unakusanyika, michango inapita, maswali ni yale yale: mkubwa kiasi gani, ni kansa au si kansa, anapasuliwa lini. Anayeuliza uvimbe wenyewe ni wa aina gani na nani kausoma, simwoni. Na hapo ndipo penyewe.

Kuanzia koo la chakula mpaka njia ya haja kubwa vivimbe si ugonjwa mmoja. Ule unaoonekana sana tumboni na kwenye utumbo mpana ni adenokasinoma, unaanzia kwenye utando wa ndani, na huo madaktari wanaujua kama wanavyoijua malaria. Lakini kuna wengine wanaokuja bila hodi: kuna GIST (unaota kwenye ukuta wenyewe wa tumbo au utumbo), kuna limfoma (kansa ya seli za kinga), kuna wale wa neuroendokrini (seli zinazotoa homoni) waliokuwa wanaitwa kasinoidi, kuna Kaposi (kansa ya mishipa ya damu) inayoota ndani ya utumbo, na kuna TB inayojifanya kansa mpaka unaapa. Kwenye siti skani wanafanana, daktari wa upasuaji hata akiushika mkononi wanaweza kufanana, ila dawa zao haziingiliani kabisa. Mmoja unakatwa halafu unapewa kidonge, mwingine hauhitaji kisu unahitaji dripu za kemo, mwingine unameza dawa za TB miezi 6 unarudi shambani Pongwe kulima.

Sasa anayetenganisha hawa ni kipande kilichosomwa vizuri, na kipande kinaharibika kabla hata hakijafika maabara. Nyama ikitoka mwilini inaanza kuoza papo hapo. Inatakiwa iingie kwenye fomalini, dawa ya kuizuia isioze, ya asilimia 10, na fomalini iwe kama mara 10 ya ukubwa wa nyama, kopo liwe na mdomo mpana. Uvimbe mkubwa upasuliwe kwanza maana fomalini inapenya taratibu sana, kama milimita 1 kwa saa, ukitupia pande zima la ukubwa wa nazi nje panaiva ndani panaoza.

Niliyoyaona mimi sasa. Nyama kwenye maji ya chumvi imesafiri na basi, ukifungua kopo wenzako wote wanatoka nje. Nyama kwenye spiriti ya kusafishia sindano imekakamaa. Na ile iliyokuwa inatuchosha zaidi, nyama iliyosukumwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, inaingia ikiwa laini, fomalini inaigandisha, kutoka haitoki tena kwenye ule mdomo mwembamba, tunakaa tunaikata chupa kwa kisu huku tunaomba tusiguse chenyewe. Halafu huko nje ndugu wanalalamika majibu yanachelewa.

Nitaendelea, ngoja niswali kwanza.

Kizibao_cha_Kale

Nimeweka mkeka hapa mzee, kahawa na kashata ninavyo, tiririka.

BintiNgamiani

Shikamoo mzee Mkonge. Uzi umekuja wakati wake wallahi. Baba yangu mdogo katolewa uvimbe kwenye mfuko wa chakula, alikuwa anapungukiwa damu tu kila mara anaongezewa, choo cheusi tii, dispensari wanasema vidonda vya tumbo wanampa omeprazole. Mwishowe akapigwa kamera, daktari anasema naona kinundu kimebenuka lakini juu yake pako salama, akanyofoa vipande majibu yakaja "gastriti ya kawaida", yaani utando wa tumbo umewashwa tu. Tukashangilia jamani tukapika na pilau. Baadaye kidogo akatapika damu, siti skani ikaonyesha uvimbe wa sentimita 8, kapasuliwa. Ripoti ya sasa inasema uvimbe wa seli nyembamba ndefu halafu mwisho imeandikwa imunohistokemia inapendekezwa, basi. Mmoja anatuambia ni kansa ya misuli kemo haimsaidii, mwingine anasema si kansa kabisa, tumshukuru Mungu tukae nyumbani. Tushike lipi?

Mtoto_wa_Makorora

Dada pole, ila mimi nasema ukweli ambao wengine hawasemi, choo cheusi damu inaisha na vipimo vinasema mzima hiyo ni ya kurushiwa. Nenda Handeni kuna mzee mmoja anatoa vitu tumboni bila kisu unaona kwa macho yako.

Kizibao_cha_Kale

@Mtoto_wa_Makorora ndo nyie mnaoharibu jina la Tanga, nikifika Dar nikitaja kwetu tu watu wanasogea pembeni.

Mkonge_Mkavu

Marahaba mwanangu, pole sana na mpe pole mzee.

Makorora, huyo wa Handeni akishatoa hicho kitu mwambie akiweke kwenye fomalini akilete nikiangalie. Siku zote nilizokaa kazini nilikuwa nasubiri kopo kutoka kwa mganga, sijawahi kuliona hata moja.

Haya turudi. Binti, hayo uliyoeleza ndivyo GIST inavyokuja, wengine wanatamka jisti. Sikwambii baba yako mdogo anayo maana sijaona slaidi, nakwambia kwa nini lazima ithibitishwe au ikataliwe, isiachwe hewani.

Ile kamera haikumdanganya mtu. GIST inaota kwenye ukuta wa tumbo, chini ya utando, na koleo la kamera linanyofoa utando wa juu tu. Ni sawa na mtu anayekata kipande cha mkeka ili ajue jiwe lililo chini yake ni la aina gani. Majibu "gastriti" yalikuwa kweli kabisa kwa kile kipande kilicholetwa. Ndo maana daktari akiona kinundu kimebenuka na juu yake pako laini, asiishie kwenye majibu mazuri ya utando, inabidi achimbe ndani zaidi au apatikane mwenye kamera yenye altrasaundi kwenye ncha, anachoma sindano mpaka kwenye uvimbe wenyewe. Hizo hazipo kila mahali, ndo hivyo mara nyingi wanaenda moja kwa moja upasuaji, na si vibaya kama uvimbe unaonekana unatoka wote.

Sasa historia kidogo, maana inaeleza hao wawili wanaowachanganya. Zamani vivimbe hivi vyote vyenye seli nyembamba ndefu viliitwa vya misuli laini. Mwaka 1983 Mazur na Clark wa Marekani wakasema hapana, vingi vya hivi havina tabia ya misuli, ndipo jina jipya likaanza. Mwaka 1998 Wajapani, Hirota na wenzake, wakaonyesha kwamba vingi vina hitilafu kwenye jini inayoitwa KIT, na vinafanana na seli za Cajal, zile zinazopiga mdundo wa utumbo ili chakula kisogee. Cajal ni yule mtaalamu wa Kihispania, Santiago Ramón y Cajal. Hiyo KIT inatoa protini ambayo maabara tunaipaka rangi, inaitwa CD117, na karibu asilimia 95 ya GIST inawaka. Kuna nyingine inaitwa DOG1, inasaidia pale CD117 inapositasita.

Kwa hiyo anayesema kansa ya misuli anasoma kitabu cha zamani. Anayesema mkae nyumbani huyo simwelewi kabisa.

Imunohistokemia ni hiyo kupaka rangi, wala hakuna kumchoma mzee tena wala kumpasua upya. Inafanyika kwenye bloku.

BintiNgamiani

Bloku ndo nini mzee? Sisi tulipewa karatasi tu.

Mkonge_Mkavu

Ndo kichwa cha uzi huo.

Kipande kikishaiva kwenye fomalini, daktari wa patholojia anakikata vipande vidogo vinaingia kwenye vikasha vya plastiki vyenye matundu. Usiku kucha mashine inavipitisha kwenye spiriti kali, kisha zailini, kisha nta iliyoyeyuka ya nyuzi kama 60 hivi. Asubuhi unakuta nyama imelowa nta badala ya maji, unaimwagia nta nyingine juu inaganda, unabaki na kijitofali cheupe kinachoenea kiganjani kina namba pembeni na katikati unaona kivuli cha nyama. Hiyo ndiyo bloku. Tunaifunga kwenye mashine ya kukatia, tunakata utepe mwembamba wa maikroni 4, unaelea kwenye maji ya uvuguvugu, unaunyakua na kioo, unaweka rangi ya bluu na pinki. Kioo hicho ndo slaidi. Tunachokata kutoka kwenye bloku ni kidogo sana, inabaki karibu nzima, na ukiitunza mahali pasipo joto inakaa miaka mingi na bado inakatika.

Sasa watu wanabeba karatasi kutoka hospitali hii kwenda ile wakati bloku imelala kabatini kule ilikosomwa. Karatasi haiwezi kupakwa CD117, bloku inaweza. Nenda na namba iliyo juu ya ripoti, barua ya daktari wenu, ombeni bloku pamoja na slaidi, mtasainishwa kitabu. Kabla ya kusafirisha pigeni simu muulize kama kemikali ya CD117 ipo kwa sasa, maana maabara zinazofanya ni chache na nyingi ziko hospitali kubwa za Dar, kemikali zenyewe zinaisha. Na msiiache kwenye dashibodi ya gari juani na joto hili la kwetu, ni nta hiyo.

Jambo jingine, kwenye ripoti tafuteni vitu vitatu: ukubwa wa uvimbe, mahali ulipotoka, na idadi ya seli zinazogawanyika, wanaandika mitosi kwa milimita 5 za mraba au kwa nyanja 50 za hadubini. Hizo tatu ndo zinasema GIST itarudi au haitarudi. Mitosi zisizozidi 5 kwenye mfuko wa chakula ni habari tofauti sana na mitosi zaidi ya 5, na uvimbe ule ule ukiwa kwenye utumbo mwembamba unakuwa mkali zaidi. Muulizeni na daktari wa upasuaji kama ulipasuka wakati unatolewa, maana ukimwagika tumboni unapanda mbegu kila mahali. Kama mitosi hazijaandikwa rudini mkaombe zihesabiwe, si ugomvi, ni haki ya mgonjwa.

Msambaa_wa_Soni

Mzee umenigusa kwenye omeprazole. Mimi ni mteja wa kudumu, nanunua tu duka la dawa hapa Barabara ya 12, kifua kikiwaka nameza. Kuna kansa inatokana na wadudu wa tumbo eti inapona kwa antibayotiki, kweli au ni stori za vijiweni?

Mkonge_Mkavu

Kweli kabisa, na ndo mojawapo ya vitu vilivyokuwa vinanifurahisha kazini. Inaitwa limfoma ya MALT, ya mfuko wa chakula. Isaacson na Wright wa Uingereza ndio walioielezea mwaka 1983. Mdudu ni Helicobacter pylori, yule ambaye Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 alimnywa mwenyewe ili awaonyeshe watu kwamba anawasha tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobeli. Limfoma hii ikiwa bado changa wagonjwa wengi inanywea baada ya kummaliza mdudu kwa dawa za wiki mbili, ingawa kunywea kwenyewe kunaweza kuchukua miezi na inabidi upigwe kamera tena na tena kuthibitisha. Haiponi kwa kila mtu, na ile limfoma kali ya seli kubwa hiyo ni kemo.

Lakini wewe Msambaa sikiliza. Omeprazole inamficha mdudu. Ukienda kupima huku unameza, kipimo cha choo au cha kupuliza au hata kipande vinaweza kusema huna. Inatakiwa uiache wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4. Mwambie daktari kabla hajaandika kipimo, usijiachie mwenyewe tu kama una kidonda kinachotoa damu. Na kama umepungua uzito, chakula kinakwama kukimeza, unatapika tapika, choo cheusi, au una miaka imekwenda na maumivu ndo kwanza yameanza, achana na duka la dawa kapige kamera.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Nami niongeze kidogo mzee Mkonge, mimi ni muuguzi wadi ya watoto, hospitali sitaji. Mtoto wa miaka mitano sita anakuja tumbo limejaa upande wa kulia, au utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, watu wanakimbilia tiata. Kumbe Burkitt, ile limfoma ya watoto. Ile inakua kwa kasi ya ajabu, seli zinaongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, leo unamwona anacheza wiki ijayo humtambui. Kuikata yote haisaidii, inatakiwa kipande kidogo kitoke haraka kisomwe haraka mtoto aanze kemo, na kwa kemo inayeyuka kweli kweli. Sasa kopo linakaa wikiendi nzima dirishani eti linasubiri dereva. Inauma jamani.

Mkonge_Mkavu

Sista ubarikiwe. Burkitt ni mtu, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu vivimbe vya taya za watoto mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari bovubovu wakashuka mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakipitia hospitali moja moja na picha za watoto mkononi wanauliza "huu mmeuona?", na huku Tanganyika wakapita. Wakagundua unafuata ukanda wa joto na mvua, na baadaye ikaeleweka kwamba ndo ukanda wa malaria kali. Virusi vinavyohusika, vya Epstein na Barr, vilionekana mwaka 1964. Afrika watu wanaijua kwenye taya lakini tumboni inakuja sana pia. Mtoto aliyezidi miaka 2 utumbo ukijiingiza, lazima mtu aulize kuna nini kilichouvuta.

Dereva_wa_Horohoro

Mzee hii ya TB nimeona umeitaja ukaipita. Jamaa yangu alikatwa utumbo upande wa kulia wakasema kansa, tukalia, majibu yakaja TB. Utumbo wake umekwenda bure?

Mkonge_Mkavu

Si lazima iwe bure, kama ulikuwa umeziba ungekatwa tu, siwezi kumhukumu aliyekuwa na kisu mkononi. Lakini inatokea sana. Kona ile ambapo utumbo mwembamba unaingia mpana, karibu na kidole tumbo, TB inapapenda, ukuta unanenepa, tezi zinavimba, mtu anakonda, homa za jioni, na kwenye skani unaandika kansa bila kusita. Limfoma nayo inakaa hapo hapo, na uvimbe wa amiba nao.

Hapa kuna ujanja mmoja ambao ningependa kila anayepiga kamera utumbo mpana aujue, na wengi wanaujua ila hawaufanyi: makopo mawili. Moja la fomalini kwa ajili ya patholojia. La pili safi, maji ya chumvi ya hospitali, halina fomalini, linapelekwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha haraka cha TB) na kuotesha TB. Fomalini inaua kila kidudu, kipande kikishaingia humo kuotesha ndo basi tena. Na kichocho nacho kisisahaulike kwetu huku pwani, mayai yake nimeyaona kwenye vidole tumbo vingi sana, watu wenyewe walikuwa hawajui kama wanacho.

Na kwa wenye virusi vya Ukimwi ambao kinga imeshuka, Kaposi inaweza kuota tumboni na kwenye utumbo, madoa ya zambarau. Nayo inakaa chini ya utando, kipande cha juujuu kinaikosa. Wakiitafuta kwa rangi ya HHV-8, kirusi cha Kaposi, inaonekana.

Kizibao_cha_Kale

Umetaja kidole tumbo. Mimi nilitolewa changu nikaambiwa kimetupwa. Tatizo?

Mkonge_Mkavu

Wewe uko hai unakunywa kahawa, tulia. Ila kidole tumbo hakitupwi. Hapo ndo kasinoidi inapojificha, kinundu kidogo cha manjano kwenye ncha, mtu kaenda na maumivu ya kawaida. Ikiwa chini ya sentimita 1 na imetoka yote mara nyingi habari imeisha. Ikizidi 2 inabidi arudishwe akatwe sehemu ya utumbo wa kulia. Sasa kikitupwa jalalani nani atajua?

Jina kasinoidi alilitoa Oberndorfer kule Munich mwaka 1907, akidhani ni vitu vipole. Si vipole vyote. Steve Jobs wa Apple aliondoka na jamii ya huu, wa kongosho, aligundulika 2003 akafariki 2011. Siku hizi vinapangwa kwa Ki-67, yaani asilimia ya seli zinazogawanyika: chini ya 3 ni daraja la kwanza, 3 mpaka 20 la pili, juu ya hapo la tatu. Hiyo pia inapakwa kwenye bloku.

Uvimbe huu wa kasinoidi ukifika kwenye ini unaweza kutoa dalili za ajabu, uso unawaka moto ghafla, kuharisha, kifua kubana mpaka wanamtibu pumu. Kuna kipimo cha mkojo wa saa 24 kinaitwa 5-HIAA, na hapa wakuu wangu wa Tanga ndo tunafeli, siku 2 au 3 kabla na siku yenyewe ya kukusanya usile ndizi, nanasi, parachichi, nyanya wala karanga za miti. Mtu anakula ndizi mbivu asubuhi kipimo kinapaa anaambiwa ana uvimbe. Kile cha damu, kromogranini A, kinapandishwa na omeprazole. Msambaa unaisoma hii?

Msambaa_wa_Soni

Naisoma mzee, omeprazole mnanisakama sasa 😂

BintiNgamiani

Narudi na mrejesho wakuu, samahani nilipotea. Bloku tulipewa, walitaka barua na kitambulisho tu hawakutusumbua. Nimeibeba mwenyewe kwenye mkoba mpaka Dar, kwenye basi kiti cha upande usio na jua. Majibu yametoka, CD117 imewaka, DOG1 imewaka, GIST ya mfuko wa chakula sentimita 8, mitosi 9, haikupasuka. Daktari wa Ocean Road, hospitali ya kansa, anasema hatari ya kurudi ni kubwa, kamwandikia imatinibu miligramu 400 kila siku kwa miaka 3. Miaka 3 mzee! Na anatapatapa anasema uvimbe si umeshatoka, dawa ya nini.

Mkonge_Mkavu

Alhamdulillah, sasa mna jina. Mwambie baba mdogo hivi: hiyo dawa ilitengenezwa kwa ajili ya kansa ya damu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2000 kule Helsinki, Finland, mama mmoja mwenye GIST iliyosambaa na hakuna kilichokuwa kinafanya kazi, akapewa kwa majaribio, vivimbe vikasinyaa. Kabla ya hapo kemo za kawaida zilikuwa hazifui dafu. Miaka 3 haikutolewa hewani, walilinganisha wa mwaka 1 na wa miaka 3 kwa wenye hatari kubwa kama yeye, matokeo yakatoka 2012, wa miaka 3 waliishi zaidi.

Bei sasa. Jina la kampuni yake ni Glivec na lilikuwa halishikiki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu kabisa ya India iliwakatalia Novartis, wenye Glivec, hataza (haki ya kuitengeneza peke yao), viwanda vya kule vinatengeneza ile ile kwa jina lake la kawaida kwa bei ya chini. Muulizeni mfamasia wa Ocean Road kuhusu hiyo pamoja na utaratibu wa bima au msaada, msinunue mtaani.

Na muulizeni daktari kama inawezekana kupima hitilafu yenyewe ya jini kutoka kwenye bloku hiyo hiyo. Kuna aina moja, ya jini nyingine iitwayo PDGFRA yenye hitilafu ya D842V, imatinibu haiigusi, na ya KIT kwenye sehemu inayoitwa eksoni 9 inaweza kutaka dozi kubwa zaidi. Si lazima mpate, ila ulizeni. Bloku mkiirudishiwa irudisheni kule ilikotoka wasaini, msiitie kabatini na sahani.

BintiNgamiani

Sawa mzee wangu. Kope zimemvimba asubuhi, ni dawa? Na yeye ni mtu wa Muheza, chakula bila matunda haendi, anakula machungwa na mabalungi kapu zima.

Mkonge_Mkavu

Kope kuvimba ni kawaida sana kwa dawa hiyo, lakini mwambie daktari, na miguu ikivimba au uzito ukipanda ghafla au pumzi ikawa fupi msingoje kliniki. Ameze na chakula na glasi kubwa ya maji, ukimeza tumbo tupu kichefuchefu kinakutoa roho. Damu na ini vipimwe kila wanapompangia.

Machungwa ya kawaida ale. Balungi hapana, wala juisi yake, linazuia ini kuivunja dawa inajaa mwilini. Na akiandikiwa dawa za TB au za kifafa au zozote kwenye kituo kingine aonyeshe kwanza kadi ya Ocean Road, rifampisini ya TB inaishusha imatinibu mpaka inakuwa kama hajameza.

Dereva_wa_Horohoro

Muheza bila balungi, mzee atawaachia dawa hao 😂😂

BintiNgamiani

Nimeshamficha kapu. Kagombana na mimi ila kameza.

Mkonge_Mkavu

Vizuri. Kesho mpigie simu fundi wa maabara ya Dar umuulize kama bloku imeshatoka kwao, na jina la aliyeipokea.